Keith Emerson: mbwembwe tu, au mtunzi?

Umeuliza kama Keith Emerson alikuwa mpiga kinanda wa mbwembwe tu. Hapana, ndugu yangu, alikuwa mtunzi hasa. Tafuta Piano Concerto No. 1, konserto yake (utunzi wa piano ikipigwa pamoja na okestra) aliyoirekodi na London Philharmonic Orchestra; ilitoka 1977 kwenye albamu Works Volume 1 ya bendi yake ya Emerson, Lake & Palmer. Ina sehemu tatu, na ile ya mwisho piano inagongwa kama ngoma. Mimi huwa naisikiliza mpaka mwisho nimesimama.

Mbwembwe zilikuwepo, sikatai. Tangu enzi za The Nice, bendi yake ya awali, alikuwa akichomeka visu kwenye ogani yake ya Hammond. Lakini kisu kilikuwa na kazi: kinabana vibonye ili sauti iendelee kulia huku mikono yake iko kwingine. Tena yeye ni miongoni mwa wa kwanza kupanda jukwaani na sinthesaiza ya Moog, mashine ya kuunda sauti kwa umeme, iliyojaa nyaya na kupoteza tuni ovyo.

Baadaye akatunga muziki wa filamu, ukiwemo wa Inferno ya 1980. Miaka ya 1990 mishipa ya fahamu ya mkono wa kulia ikaanza kumsumbua, akafariki Machi 2016. Anza na hiyo konserto, usianze na video za visu.