Mwanangu anasinzia skuli, mavyaa anataka azinguliwe

*Shangazi, shikamoo. Niko Wete, naishi kwa mavyaa. Mwanangu ana miaka 9. Saa 11 alfajiri namwamsha aende chuo cha Kurani, kisha skuli. Mwalimu kaniita: anasinzia darasani, akiamka anagombana na wenziwe, na hesabu alizokuwa akizijua hazimkai tena. Mavyaa asema kaingiliwa na shetani, akazinguliwe. Usiku hulala ukumbini, ami zake wakishazima TV, kama saa 5. Nifanyeje?*

Marahaba, mwanangu. Jibu umeliandika mwenyewe pale mwisho, ukalipita kama jambo dogo. Saa 5 usiku mpaka saa 11 alfajiri ni saa 6. Mtoto wa umri wake anahitaji kulala kwa muda wa saa 9 mpaka 12. Kila usiku anapungukiwa saa 3 kwa uchache. Wiki moja, saa 21. Nimesoma barua yako nikamwonea huruma mtoto huyu.

Ugomvi usikutishe. Mtu mzima akikosa usingizi hulegea, lakini mtoto mara nyingi huchachamaa: hatulii, hasira ziko karibu, akili haishiki jambo. Ndipo watu wakadhani shetani. Na zile hesabu, ubongo huyapanga na kuyahifadhi mafunzo ya mchana mtu akiwa amelala. Mwanao anasomeshwa, ila hapati usiku wa kuyaweka aliyosomeshwa. Homoni ya kukua nayo hutoka kwa wingi katika usingizi mzito, na kinga ya maradhi hudhoofika mtoto asipolala vya kutosha.

Chuo usimtoe. Kosa haliko alfajiri, liko usiku. Akishakula na kusali Isha, saa 2 awe kitandani. Chai ya rangi ya usiku mwachishe, mpe uji. Simu isiingie kitandani.

Kwa mavyaa nenda polepole. Usiseme TV yao inamuumiza mwanao. Uko nyumbani kwake, na neno kama hilo halisahauliki. Mkumbushe kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akichukia mazungumzo baada ya Isha, hilo atalipokea. Ndugu wa mumeo aseme nao mumeo mwenyewe. Kwa sasa mtandikie godoro chumbani kwenu, ndani ya chandarua, taa izimwe.

Kusomewa Kurani sikuzuii, mwanangu. Lakini asikeshe kwa ajili hiyo.

Halafu msikilize akilala. Akikoroma kila usiku, au pumzi ikawa inakatika, mpeleke hospitali wamtazame koo. Matezi yakivimba huharibu usingizi hata mtoto akilala kwa muda wa saa 10. Mpeleke pia kama atalala vizuri wiki 3 na bado anasinzia, apimwe damu.

Na kesho asubuhi rudi kwa mwalimu, umweleze hizo saa 6, asije akamchapa mtoto kwa usingizi ambao sisi wakubwa ndio tuliomnyima.