Ukuta mweusi sebuleni: kagua plasta kwanza

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nimejenga mlimani hapa Kigoma, na sebule yangu ina dirisha kubwa la magharibi linalotazama ziwa. Nataka kuta zote nne ziwe nyeusi. Mume wangu hana neno, ila mama mkwe anasema nimeandaa nyumba ya msiba, tena itakuwa joto kama tanuri. Plasta ina wiki mbili. Nianze kupaka?

JIBU: Usianze, dada. Mama mkwe tutamjibu baadaye, plasta ndiyo inayonitia wasiwasi. Ipe angalau siku 28, na kama mvua zinanyesha ongeza. Maji yaliyobaki ndani yanapotoka huja na chumvi, na chumvi hiyo hukauka juu ya rangi kama unga mweupe. Kwenye ukuta wa krimu huwezi kuuona. Kwenye mweusi unaonekana ukiwa mlangoni. Niliwahi kumharakishia mteja, na nilirudi kukwangua ukuta kwa gharama yangu.

Plasta ikikauka, subiri giza, zima taa, kisha ulaze tochi ya simu ubavuni mwa ukuta. Kila bonde litatupa kivuli, na alama za mwiko utazihesabu. Hapo ndipo kazi ilipo: skimu (tabaka jembamba la kusawazisha ukuta), msasa, futa vumbi, kagua tena kwa tochi. Mafundi wengi wanaruka hatua hii kwa sababu rangi nyeupe huwafichia.

Sasa kuta nne. Mimi ningepaka mmoja tu, ule wa mashariki unaotazamana na dirisha. Jua la jioni kutoka ziwani linaupiga usoni, kwa hiyo mabonde hayatupi vivuli. Kuta za kaskazini na kusini hupitiwa na mwanga huo kwa ubavu, sawasawa na ile tochi yako. Wenye dirisha uache mweupe, maana weusi kando ya kioo chenye mwanga mkali huumiza macho. Siling nayo iwe nyeupe: rangi nyeupe hurudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga, nyeusi isiyong'aa haifikishi 5. Ukipaka zote nne utawasha taa saa nane mchana.

Kuhusu joto, mama mkwe ana haki kidogo. Joto la nyumba zetu linatoka zaidi kwenye bati, na ukuta wa ndani usiopigwa na jua hauongezi kitu, uwe mweusi au mweupe. Lakini huu wako utapigwa na jua jioni, hivyo weka pazia zito kuanzia saa kumi.

Nunua rangi ya maji isiyong'aa, kwani inayong'aa itaonyesha hata mstari wa rola. Ubaya wake ni kwamba mtoto akishika ukuta na vidole vya mawese, ukasugua kwa nguvu, pale uliposugua patang'aa daima. Gusa taratibu kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kidogo, na utunze rangi ya kurekebishia. Tanguliza undakoti, yaani rangi ya chini, ya kijivu badala ya nyeupe, utaokoa mkono mzima, yaani tabaka zima, wa rangi. Ukuta wa mita 4 kwa 3 ni mita za mraba 12. Lita moja hufunika mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja, kwa hiyo galoni ya lita 4 inatosha mikono miwili na inabaki.

Taa chagua za mwanga wa manjano, Kelvin (kipimo cha rangi ya mwanga) 2700 hadi 3000. Taa nyeupe ya dukani itaufanya ukuta uonekane kama lami. Na kama una kiti cha mninga wa Tabora, kiweke hapo hapo: wekundu wa mbao ile juu ya weusi hauhitaji pambo jingine.

Mama mkwe mkalishe kwenye kiti hicho. Atakuwa anatazama ziwa, ukuta uko mgongoni.