Figo mpya, macho yaleyale

Ukishapandikizwa figo, kila unayekutana naye anakuuliza habari ya figo. Ukitoka msikitini, ukinunua samaki sokoni Wete: "Figo inaendeleaje, mwalimu?" Macho hakuna anayeyauliza. Na kwa sisi ambao figo zetu ziliharibiwa na kisukari, macho ndiyo ya kuulizwa mwanzo. Kisukari kilichochakaza mishipa myembamba ya figo hakikuiacha ile ya retina, huko nyuma ya jicho. Figo nimepewa na dada yangu, Mungu amlipe. Macho ni yangu yaleyale.

Wengi wananijibu: "Mbona mimi naona vizuri?" Hata mimi nilikuwa nikisahihisha madaftari ya wanafunzi bila taabu, na huku daktari akakuta vidoa vya damu kwenye retina ya kushoto na uvimbe mdogo karibu na katikati. Ugonjwa huu hauumi, na mwanzoni haupunguzi uoni. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mvua hii hukunyea mbingu ikiwa nyeupe. Basi pimwa macho kabla ya kupandikizwa, upimwe tena baadaye, halafu angalau mara moja kila mwaka. Daktari akishakuta kitu, utakwenda mara nyingi zaidi ya hapo.

Na kupimwa si kusoma zile herufi za ukutani tu. Sharti utiwe matone ya kupanua mboni. Yanawasha kidogo, kisha unakaa kwenye benchi unangoja, mpaka ukitoa simu mfukoni huisomi. Ndipo daktari anapokumulika na kutizama ndani. Ukitoka nje, jua linakuchoma machoni kwa saa kadhaa, kwa hiyo chukua miwani ya jua na mtu wa kukushika mkono, na vespa iache nyumbani. Sisi wa Pemba tukivuka kwenda kupimwa Unguja, bora boti ya kurudi iwe ya kesho yake. Mwako wa bahari na mboni zimepanuka, hapana.

Sasa dawa. Hizi tunazomeza ili mwili usiikatae figo zina mambo yake. Prednisoloni hupandisha sukari, na ikitumiwa muda mrefu inaweza kuleta mtoto wa jicho na kupandisha presha ya ndani ya jicho. Takrolimasi nayo hupandisha sukari. Ndiyo maana wapo ambao hawakuwa na kisukari kabisa wakakipata baada ya kupandikizwa, na wao pia macho yao yanataka kutizamwa. Sisemi uache dawa! Ukiziacha, figo inakwenda. Nasema ujue adui anapitia wapi.

Prednisoloni ukiimeza asubuhi, sukari hupanda zaidi mchana na jioni. Anayepima alfajiri peke yake huona namba nzuri akalala usingizi. Mimi napima na kabla ya chakula cha jioni, na hapo ndipo ukweli ulipo. Fikiria basi Ramadhani. Kama ufunge au usifunge, hilo ulizungumze na daktari wa figo mapema. Mimi sifungi, natoa fidia. Lakini hata usipofunga, futari haikuachi: tende, kaimati, tambi za sukari, juisi ya ukwaju, na vyote vinakuja saa ileile ambayo sukari imeshapanda kwa dawa. Mke wangu ananitengea ndizi mbichi na samaki. Kaimati nazitizama tu, na nyingine zinanitizama.

Ikibidi kutibiwa, kuna leza na kuna sindano za ndani ya jicho. Sindano jina lake linatisha kuliko yenyewe. Jicho hutiwa ganzi, na sindano yangu ilikwisha kabla sijamaliza Ayatul Kursiy. Lakini ujue hurudiwa mara kwa mara, na kazi yake kubwa ni kuokoa uoni uliobaki. Uliokwishapotea huenda usirudi wote. Atakayekuletea asali ya kutia jichoni mshukuru, kisha wape watoto wainywe.

Vipo vya kukimbilia hospitali siku hiyohiyo: vinukta vyeusi vingi vya ghafla, miale ya mwanga, au kama pazia linashuka jichoni. Na jicho jekundu lenye maumivu, au uoni ulioingia ukungu, usiliwekee subira, kwa sababu kinga yetu imeshushwa makusudi kwa dawa, na maambukizi hupata njia hadi kwenye retina.

Ukifika kwa daktari wa macho, mkabidhi karatasi yenye majina ya dawa zako zote na umwambie una figo ya kupandikizwa kabla hajakuandikia kidonge chochote. Vidonge vya maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni vinaweza kuidhuru figo, na vile vya kushusha presha ya jicho vinataka kwanza ajue figo yako inafanyaje kazi. Karatasi yangu naiweka ndani ya kadi ya kliniki, na ya pili anayo mke wangu kwenye mkoba wake.