Kabla hamjauza mninga: jibu la mpasua mbao aliyegeuka mshika futi wa mtafiti

Kamwene wadau. Mkuu uliyeanzisha uzi, nimekusoma. Unasema kijiji chenu, huku chini kwenye miombo ya Iringa, ile misitu ya nyanda kavu, kina msitu wa hifadhi wa kijiji. Amekuja mnunuzi anataka mininga 200, kamati ya maliasili imegawanyika, na kijana wenu mmoja msomi anadai "uvunaji endelevu" ni maneno ya semina na posho. Nitakujibu kwa niliyoyaona mwenyewe, maana mimi nimekaa pande zote mbili za shoka.

Nilipasua mbao miaka 11. Nilianza na msumeno wa kuvutana, mwenzako juu ya gogo, wewe shimoni unakula unga, baadaye tukahamia chenso. Kisha akaja mtafiti wa ikolojia ya misitu, anatafuta mtu wa kumtajia miti kwa Kihehe na kumshikia futi. Nikaenda kwa sababu ya posho, sifichi. Nilikaa naye misimu mitatu ya kiangazi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya maduara. Mnasimamisha kijiti, mnakizunguka. Ndani ya mita 15 mnapima miti yenye unene wa sentimita 20 na zaidi, ndani ya mita 10 inaingia ya sentimita 10, ndani ya mita 5 ya sentimita 5, na zile mita 2 za katikati unapiga magoti uhesabu miche. Unene unapimwa mita 1.3 kutoka ardhini, asije mrefu akapimia kifuani na mfupi akapimia puani. Mimi niliona ni utani. Mninga wa kukumbatiwa na watu wawili umesimama mgongoni kwangu, halafu nimepiga magoti nahesabu vijiti!

Nilielewa siku aliponionesha daftari. Miche ilikuwa kibao. Mizee ipo. Ile ya katikati, kuanzia unene wa paja hadi wa ndoo, tulikuwa tunatembea duara baada ya duara bila kuiona. Akaniuliza: hii mizee mkiishusha, nani anarithi? Nilinyamaza, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa naishusha.

Nikadhani ile ya katikati tumeikata sisi. Kumbe kisa kikubwa ni moto. Mche wa mninga una tabia ya ajabu: shina lake hufa kila kiangazi, mvua zikija unachipua tena, na hivyo hivyo miaka mingi, huku chini ukinenepesha mzizi. Siku mzizi ukishiba ndipo shina linapanda juu kwa haraka kuwahi moto. Sasa pakiwaka kila Septemba na Oktoba, nyasi zikiwa zimekauka kabisa, lile shina linalojaribu kutoka linaungua, mche unarudi chini kuanza upya. Unaweza kuwa na mche wenye umri wa mwanao wa sekondari na haujafika magotini.

Kule Ndola, Zambia, walitenga vipande vya miombo tangu 1933: kingine kinachomwa mapema, kingine mwishoni mwa kiangazi, kingine hakiguswi. Kilichochomwa mwishoni mwa kiangazi miti iliisha, pakabaki nyasi. Cha kuchomwa mapema kiliendelea kuwa msitu. Kwa hiyo mkiwa na kikundi cha kuchoma mapema, Mei au Juni nyasi zikiwa bado na ubichi, mtakuwa mmefanya jambo kubwa kuliko mabango yote ya "tunza misitu".

Turudi kwa mnunuzi wako. Hiyo 200 kaitoa wapi? Kaitoa kwenye lori lake. Ninyi anzeni na inayobaki. Hesabuni mininga kwa madaraja matatu, miche, ya katikati na mizee, hata kwa maduara 30 tu yaliyotawanywa vizuri, si yale ya kando ya barabara. Ya katikati ikiwa michache, mizee ndiyo mbegu yenu, na huo mti mnaotaka kuushusha huenda babu yako aliukuta tangu akiwa mtoto. Msikubali pia ashuke kwenye mininga myembamba kwa kisingizio kwamba mikubwa imekwisha. Mpasua mbao yeyote atakwambia mninga mchanga ni ngozi nyeupe tupu, moyo wake mwembamba, na ile nyeupe wadudu wanaila kabla fundi hajamaliza mlango.

Jingine lililonichekesha. Sisi tukifika kwenye mti tunaugonga kwa kisigino cha shoka. Ukiitika wazi, ndani ni pango, tunautukana na kuuacha. Mtafiti naye alikuwa anagonga, lakini ukiitika wazi anafurahi, anauandika: nyumba. Hondohondo, komba, popo, nyuki, wote wanapanga humo. Kumbe miaka yote ule uvivu wangu ulikuwa uhifadhi! Ila wapo wanaouangusha mzima kwa ajili ya asali ya debe moja, na hao kamati iwakamate kabla ya mwenye chenso.

Na msiruhusu kila mti uangukie unakotaka. Kata kabla kamba za mimea inayotambaa mitini, amua upande wa kuangukia, pasueni palepale ulipolala. Trekta la kuburuta magogo huvunja miti michanga mingi kuliko shoka. Na mitundu na miyombo isiyo na soko msiwaachie wachoma mkaa eti ni ya ziada. Uyoga wenu wa mvua za kwanza, mwingi unaishi na mizizi ya miti hiyo. Ikiondoka, nao hauonekani. Mama zenu wanalijua hilo bila daftari.

Haya yote nayasema kwa miombo. Misitu ya milimani, Udzungwa, Rungwe, Livingstone, hapo msimamo wangu ni mwingine: msumeno usiingie. Kipunji, yule kima wa milimani, anatembea juu kwa juu, ukitoboa paa la msitu umemkatia njia. Wanasayansi walimtambua Rungwe na Livingstone mwaka 2003, Ndundulu kule Udzungwa mwaka 2004, wakamtangaza 2005, na hesabu iliyotolewa 2008 ilipata 1,117 tu. Rungwe ikapandishwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2009. Anayetaka mbao za kenchi aende Mufindi kwenye misindano (paini) ya kupandwa, ndiyo kazi yake.

Kuhusu pesa: chini ya Sheria ya Misitu ya 2002, msitu wa hifadhi ya kijiji mapato yake ni ya kijiji. Kwetu tuliuza kwa mti, mnunuzi akachagua minene, akalipa bei ileile ya myembamba, tukapigwa mchana kweupe. Uzeni kwa kyubiki mita, gogo lipimwe mbele ya kamati, nyundo ya alama igongwe juu yake, hati ya kusafirisha itoke ndipo lori liondoke. Mwambieni kijana wenu kwamba kule Kilwa vijiji vilipata cheti cha FSC, kile cha misitu inayovunwa kwa uendelevu, mwaka 2009 kwa misitu yao ya asili, na wakauza. Semina walikaa, lakini na maduara walipima.

Usiite mkutano mkuu kabla ya hesabu, mtagombana bure. Pimeni kwanza, kisha leta hapa namba tatu: miche mingapi, ya katikati mingapi, mizee mingapi. Useme na mwezi mnaochoma.