Kwa ninyi mnaoanza kutafiti upweke wa watoto

Kila tunapopokea wasaidizi wapya wa utafiti, wengi wao wakiwa ndio kwanza wamemaliza shahada ya saikolojia au ya ustawi wa jamii, swali lao la kwanza huwa ni dodoso lipi litakalotumika. Ni swali la haki. Hata hivyo, katika miaka niliyokusanya data kwenye shule za msingi na sekondari nimejifunza kwamba kabla ya dodoso kuna kazi ya kujua kwa uhakika unatafuta nini, kwa sababu upweke wa mtoto hauonekani kwa macho, na anayedhani kwamba anauona mara nyingi anatazama kitu kingine.

Katika utafiti wangu wa kwanza nilipewa kazi ya kukaa uwanjani wakati wa mapumziko na kuandika nani anacheza na nani. Nilikuwa na karatasi yenye namba za wanafunzi wa darasa la tano, na kila baada ya dakika mbili niliweka alama. Kulikuwa na mvulana mmoja ambaye kila siku alikaa chini ya mwarobaini akitengeneza gari la waya, na kila siku nilimwekea alama ya mpweke. Kulikuwa pia na msichana ambaye hakukosa hata mara moja kwenye kundi la kuruka kamba, naye nilimwandikia sifuri. Tulipofika kwenye mahojiano, mvulana yule alinieleza kwa utulivu kwamba pale chini ya mti hakuna vurugu, na kwamba jioni hurudi nyumbani na rafiki zake wawili wanaokaa jirani naye. Msichana alinijibu kwa sauti ya chini: “Mimi huwa nashika kamba tu.” Nilipomuuliza zamu yake ya kuruka hufika lini, alisema haifiki, kengele hugongwa kwanza. Nilirudi kwenye karatasi zangu za wiki tatu nikaona kwamba nilikuwa nimehesabu miili iliyosimama karibu karibu, basi.

Nilichokuwa nimekisahau kilikwisha kuandikwa zamani. Wanasaikolojia Peplau na Perlman, mwaka 1982, waliueleza upweke kuwa ni hisia chungu inayotokana na pengo kati ya mahusiano ambayo mtu anayatamani na yale aliyonayo. Mwanasosholojia Robert Weiss, mwaka 1973, alikuwa tayari ametenganisha upweke wa kukosa mtu wa karibu wa moyoni na upweke wa kukosa kundi la kuwa mmoja wao. Kwa watoto tofauti hiyo ni kubwa. Mwanafunzi wa bweni anaweza kuwa na wenzake arobaini katika chumba kimoja, akacheka nao mchana kutwa, na taa zikizimwa akamlilia mama yake chini ya shuka; ukimuuliza juu ya marafiki tu, atakuambia kwa ukweli kabisa kwamba anao. Ndiyo maana ninakithamini kipimo kilichotungwa Louvain, Ubelgiji, na Marcoen, Goossens na Caes mwaka 1987, ambacho kinauliza kando kuhusu wazazi, kando kuhusu wenzake, na kando tena kuhusu kupenda au kuchukia kukaa peke yako. Mvulana wa mwarobaini angepata mahali pake humo.

Sasa nije kwenye maneno, ambako nitakaa zaidi, kwa kuwa ndiko tunakopoteza data nyingi bila kujua. Vipimo vingi tunavyotumia vilizaliwa kwa Kiingereza, na anayevitafsiri hukimbilia neno “upweke” kwa sababu ndilo lililomo katika kamusi. Neno hilo ni zuri, lakini mtoto wa miaka tisa halitumii. Atasema “sina wa kucheza naye”, au “hawanichezeshi”, au “wananitenga”, au “wananichunia”. Na wengine, hasa wa mijini, husema “nimeboreka”, neno ambalo mtafiti mgeni huliandika kuwa ni kuchoshwa na kukosa la kufanya, kumbe mtoto anasema kwamba nyumbani hakuna mtu wa kuzungumza naye mpaka usiku. “Ukiwa” nalo ni neno zito linalonukia msiba na uyatima, tena kwenye maandishi huchanganyika na “ukiwa” ya “kama wewe ni”. Kabla ya kutafsiri chochote, kaeni na watoto wachache kwenye mkeka, mwaombe wawasimulie siku ambayo hawakuwa na mtu, na mwandike maneno yao kama yalivyotoka. Tafsiri ifuate hapo, kisha mtu mwingine ambaye hajaona dodoso la asili airudishe katika Kiingereza ili muone palipopotoka.

Kuna mtego mwingine ambao hakuna kitabu cha mbinu kilichonionya kuuhusu. Dodoso la Asher, Hymel na Renshaw la mwaka 1984, ambalo ndilo limetumiwa sana kwa watoto, lina sentensi 24, ambazo 16 kati yake ndizo zinazopima upweke na kutoridhika na wenzake, na 8 ni za mambo anayopendelea mtoto, zilizowekwa ili ajisikie huru. Baadhi ya sentensi hizo 16 ni za kukanusha, mfano wa “sina mtu wa kuzungumza naye”. Isome sentensi hiyo kwa sauti mbele ya watoto wawili wasio na mtu, ukiigeuza kuwa swali: “Huna mtu wa kuzungumza naye?” Wa kwanza atajibu “ndiyo”, yaani ni kweli, sina. Wa pili atajibu “hapana”, yaani sina. Wote wawili wamesema jambo lile lile, na karatasi yako imewaweka ncha mbili za kipimo. Tangu nilipoligundua hilo, ninamwomba mtoto arudie sentensi nzima kwa kinywa chake kabla sijaweka alama, hata kama kufanya hivyo kunaongeza dakika kumi.

Ngazi za majibu nazo zina tabu yake. “Mara kwa mara” kwa mtoto mmoja ni nyingi, kwa mwingine ni mara moja moja. Sisi tulichora glasi tano, ya kwanza tupu na ya mwisho imejaa pomoni, na tulianza kwa kuuliza mambo mepesi kama ni kiasi gani anapenda wali au ugali, mpaka tukaridhika kwamba mtoto ameuelewa mpangilio. Ukiona mtoto anaonyesha glasi ile ile kwa kila swali, simama, mpumzishe, mwulize habari nyingine.

Kumbukeni pia kwamba mtoto aliyewaamkia “Shikamoo” ameshaingia katika uhusiano wa adabu na mkubwa, na adabu inamfundisha kumpa mkubwa jibu la kumfurahisha. Hilo halifutwi kwa kumwambia awe huru. Hupungua kidogo mkikaa chini kama yeye, mwalimu wa darasa akiwa mbali, na mkimhakikishia kwamba hakuna jibu la kukosea kama kwenye mtihani. Kwa wavulana wa sekondari kuna ugumu zaidi. Borys na Perlman walionyesha mwaka 1985 kwamba wanaume hawako tayari kukiri upweke wanapoulizwa moja kwa moja, na kwamba mwanamume anayekiri huhukumiwa vibaya zaidi. Kwa hiyo maswali yasiyolitaja neno lenyewe, kama vile ni mara ngapi unajiona umeachwa nje, hufika mahali ambapo swali la wazi hugonga ukuta.

Kuna njia ya kuwauliza watoto wawataje wenzao watatu wanaowapenda zaidi na watatu wasiowapenda. Kwa njia hiyo Asher na Wheeler, mwaka 1985, walionyesha kwamba watoto wanaokataliwa na wenzao ndio wanaoripoti upweke mwingi, kuliko wale wanaosahaulika tu, ambao hakuna anayewataja kwa jema wala kwa baya. Ni matokeo muhimu, nami ninawasihi myasome. Lakini sehemu ya pili ya swali hilo siipendi katika madarasa yetu, ambako watoto watatu hubanana kwenye dawati moja na kila mmoja anaona kalamu ya jirani yake. Niliwahi kuitumia hivyo, na wakati wa mapumziko nikasikia jina moja likiimbwa uwanjani. Tangu siku hiyo ninauliza kuhusu wanaowapenda tu, tena mtoto mmoja mmoja, mbali na wenzake.

Juu ya takwimu nitasema machache. Mtasikia kwamba upweke ni ugonjwa wa wazee wa Ulaya, na kwamba mtoto wa Kiafrika aliyezungukwa na shangazi, wajomba na binamu hauwezi kumpata. Lakini ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2025 inaeleza kwamba kati ya watu wenye umri wa miaka 13 hadi 29, asilimia 17 hadi 21 wanajihisi wapweke, na kwamba katika nchi za kipato cha chini kiwango kwa watu wote ni takribani asilimia 24, zaidi ya mara mbili ya asilimia 11 ya nchi tajiri. Mtasikia pia kwamba chanzo chote ni simu. Twenge na wenzake walionyesha mwaka 2021 kwamba upweke wa shuleni uliongezeka kati ya mwaka 2012 na 2018 katika nchi 36 kati ya 37 walizozichunguza, sambamba na kuenea kwa simu janja, lakini mambo mawili kupanda pamoja hayatoshi kuthibitisha kwamba moja limelizaa lingine, na katika nchi hizo hamkuwamo Tanzania wala Kenya. Linalonisumbua zaidi ni matokeo ya Loades na wenzake, waliopitia tafiti 63 mwaka 2020 na kukuta kwamba upweke wa utotoni unahusiana na sonona hata miaka kadhaa baadaye, na kwamba muda ambao mtoto amekaa katika upweke ulihusiana zaidi na dalili za sonona kuliko ukali wa upweke wenyewe. Basi msiishie kuuliza “kiasi gani”. Ulizeni “tangu lini”.

Idhini ya mzazi na ridhaa ya mtoto mwenyewe ni vitu viwili, na kibali cha kamati ya maadili hakiwi badala ya chochote kati ya hivyo. Mtoto akikataa, amekataa, hata kama baba yake ametia saini. Kabla ya siku ya kwanza hakikisheni mnamjua afisa ustawi wa jamii wa eneo hilo kwa sura na kwa namba ya simu, na namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto iwe imeandikwa kwenye daftari la kila mmoja wenu, kwa sababu mtoto anayeulizwa kwa nini hataki kurudi nyumbani anaweza kuwaambia jambo lisilokuwa upweke hata kidogo.

La mwisho ninalowaomba linahusu kuondoka kwenu. Mtoto asiye na wa kumsikiliza akipata mtu mzima anayekaa naye dakika arobaini akiandika kila anachosema, atamngoja tena kesho. Mwambieni tangu siku ya kwanza kwamba mtakuja mara ngapi, na kila mkija mwambieni zimebaki mara ngapi. Akiuliza “Utarudi lini?” msijibu “hivi karibuni” ikiwa hamrudi. Mapema kabisa, kwa ridhaa yake, mtafuteni mwalimu mmoja anayemwamini, mumlete akae nanyi katika vikao viwili vya mwisho, vya michezo na mazungumzo tu, bila dodoso, ili siku mtakapokosekana awepo mtu ambaye mtoto ameshazoea kukaa naye.