Siga zikiota kuvu huku pwani, wacha kwanza kutia maji

Mie sivuti, niseme mapema. Lakini ni keyateka wa nyumba ya mzee mmoja Mtaliano hapa Malindi, na kila akienda kwao baada ya Pasaka ananiachia kisanduku chake cha siga, zile nene za majani matupu ya tumbaku. Mwaka wa kwanza alinionyesha kisponji cha ndani, akanambia kikikauka nikitie maji. Basi mie kila Ijumaa natia maji, tena ya mfereji, na yetu mnayajua yalivyo na chumvi. Mwezi wa sita nafungua nakutana na harufu ya chumba kilichofungwa masika nzima, siga zimeota manyoya ya kijani na meupe. Arubaini zilikuwemo, kumi na saba zikaishia jaani. Niliumia sana manake ile ni amana ya mtu.

Kosa sasa nalijua. Ile habari ya kutia maji ni ya watu wa nchi za baridi, kule wakiwasha hita nyumba inakauka na siga zinapasuka. Huku kwetu hewa yenyewe imeloa, mvua za Aprili mpaka Juni hata viatu vya ngozi kabatini vinafanya kuvu, sasa wewe uongeze maji ya nini? Siga inataka unyevu wa asilimia 62 hadi 69 hivi, ukipita 70 na joto letu hili ujue kuvu iko njiani.

Utauliza, kwani hakukuwa na kipimo cha unyevu? Kilikuwepo, kimebandikwa kwenye kifuniko, na kilikuwa kinasoma 68 nami nikalala usingizi. Kumbe kinadanganya! Chukua kifuniko cha soda, jaza chumvi, dondoshea maji kidogo iwe kama uji mzito isiyeyuke, weka pamoja na kipimo ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, kesho yake kisome 75. Hiyo 75 haibadiliki, ndivyo chumvi inavyofanya hewa ya ndani. Changu kilisoma 68. Yaani siku zote nilizokuwa naona 68, ndani mlikuwa na 75. Fanya jaribio hili kabla ya kitu chochote, halafu ndio uanze kubishana na kisanduku.

Zikishaota, zitoe zote na uzitenge, usichanganye na nzima. Angalia ile ncha ya kuwashia. Kama kuvu imeingia hapo basi imefika ndani, tupa, usimpe mtu avute. Ikiwa ni juu ya jani la nje tu na ni kidogo, ifute na kitambaa kikavu, uifanyie nje sio chumbani, kisha iweke peke yake wiki mbili uone kama inarudi. Kuna wanaosema ule unga mweupe ni mafuta ya tumbaku iliyokomaa na ni dalili nzuri, mie siamini, kikiwa na manyoya au rangi ya kijani au buluu hicho ni kuvu.

Kisanduku chenyewe usikioshe na maji wala Jik wala Dettol. Mbao za ndani wanaziita mwerezi wa Kihispania lakini sio mwerezi, ni jamaa ya mwarobaini wetu huu na mkangazi, na zinanyonya harufu yoyote. Pangusa na spiriti isiyotiwa manukato, acha wazi siku mbili tatu kwenye chumba chenye AC. Juani usiweke, mbao zitapinda. Na kwa sababu hiyohiyo ya harufu, chumba unachofukiza udi usiweke kisanduku humo, na nafthalini za kabati la nguo ziwe mbali.

Kile kisponji nilikitupa. Siku hizi natumia vile vipakti vya Boveda, vinatoa unyevu ukipungua na kunyonya ukizidi, vinaandikwa namba, 62, 65, 69, 72. Huku chukua 62 au 65. Na kisanduku kama kifuniko hakibani, heri kontena ya plastiki ya jikoni yenye mpira, sio ya kupendeza lakini hewa ya nje haiingii. Toscano za mzee, siga za kwao Italia, nazipa kontena yake mbali, zile ni kavu na tumbaku yake imekaushwa kwa moshi, zinaambukiza nyingine harufu.

Kingine kilichonichukua muda kukielewa, ukitoa kontena chumba cha AC ukaifungulia barazani, hewa ya joto ikigusa siga baridi inafanya jasho, kama chupa ya soda, na hayo ndiyo maji yenyewe. Fungulia mulemule ndani, haraka, funga. Joto nalo likipita nyuzi 25 hivi mayai ya vidudu vya tumbaku yanaanguliwa, ukiona vitundu vidogo kama vya sindano ni hao, sio kuvu, dawa yake ni friza siku tatu zikiwa zimefungwa barabara, halafu friji siku moja, ndio uzitoe.

Mzee aliporudi nilimweleza yote na nikamwonyesha kipimo na kifuniko cha chumvi. Sasa masika yakiingia nafungua mara moja kwa wiki, nasoma namba, naandika kwenye daftari, nampigia.