Mjomba, huku pombe ilipigwa marufuku na watu wakanywa vilevile

Shikamoo mjomba. Ile voisi yako nimeisikiliza mara mbili, ati Finland zamani ilipiga marufuku pombe ndio maana leo inaongoza duniani kwa furaha, na Kenya nayo ifunge yote, mnazi, bia, chang'aa, kaka atapona. Mjomba umedanganywa, na imeniuma kwa ajili ya kaka.

Kupiga marufuku walipiga kweli, 1919. Lakini spiriti ilikuwa inavushwa usiku kwa mashua kutoka Estonia na Ujerumani, kwenye makopo ya bati, na pwani yao ina visiwa maelfu, sisi watu wa bahari twajua pwani kama hiyo hailindiki. Mkahawani mtu anaagiza chai, analetewa chai yenye spiriti ndani. Daktari naye anaandika pombe kama dawa. Halafu aliyekuwa anakunywa bia akahamia spiriti, maana mtu wa magendo habebi bia, anabeba kilicho kidogo chenye nguvu. Mauaji yakazidi, serikali haipati ushuru, uchumi ulipoanguka wakawauliza wananchi, Desemba 1931, zaidi ya asilimia 70 wakasema sheria ifutwe. Tarehe 5 Aprili 1932 saa nne asubuhi maduka ya pombe ya serikali yakafunguliwa. Na kwetu je, chang'aa si ilikatazwa 1980? Inaruhusiwa 2010 wangapi washapofuka, wangapi washazikwa?

Sasa hiyo furaha. Mimi nasafisha vyumba kwenye meli ya kwenda Tallinn, huko Estonia, masaa mawili tu kutoka Helsinki, watu wanafuata pombe ya bei nafuu. Jumapili alfajiri nafungua mlango, matapishi kwenye zulia, kopo limekanyagwa, soksi moja kwenye sinki, na mzee wa umri wako amelala sakafuni na koti lake. Namwamsha pole pole, namshika mkono, namtafutia miwani. Kila nikimwamsha mmoja namuona kaka, na nasema ningebaki Kilifi ningekuwa namwamsha yeye.

Kwa hiyo hela asipewe mkononi tena. Ada ya watoto nitalipa shuleni moja kwa moja, ya muhula uliopita najua iliishia mangweni. Msimfiche ndani kama aibu, mpelekeni hospitali, ule ni ugonjwa. Msimtukane. Akitaka kukopa mkatalieni, tena kwa ukali. Lakini akilala njaa mjomba mpe chakula, na umkalie mpaka amalize.

Na kijana wako usimruhusu aje huku kwa hadithi za furaha, baridi na upweke vinawanywesha hata wasiokuwa wanakunywa. Akishikilia, basi aje, ila na makaratasi yaliyokamilika, na afikie kwangu.

Nakwambia asipewe hela na mimi mwenyewe jana kanipigia analia nimemtumia elfu mbili. Tafadhali mjomba pita kwake leo kabla ya magharibi, umtazame amekula.